Kaa Kidogo, Mheshimiwa

Nchi hii ninayoisimulia haipo. Nimeapa hivyo mbele ya hakimu, mkono juu, na hakimu akaniuliza kama haipo, mbona nazijua njia zake za mkato. Nikamwambia nimeziota. Akaandika kwamba mshtakiwa ameota, akanirudishia kitambulisho changu, na tangu siku hiyo nasimulia kwa raha zangu.

Basi katika nchi hiyo isiyokuwapo alikuwapo mama mmoja, Bi Rukia Shemweta, mjane, mshonaji wa sare za shule katika Mtaa wa Kona Nne. Alikuwa na cherehani ya miguu, nyumba ya vyumba vitatu na choo cha uani, na ulimi usiojua likizo. Hakuwa mtu wa siasa. Siasa kwake ilikuwa kama mvua inayonyesha mtaa wa pili, unaisikia na wewe unaendelea kupiga pindo zako. Siasa ndiyo iliyomfuata yeye, tena ikaja na magari kumi na saba.

Iko hivi. Waasisi wa nchi ile walipomwondoa gavana wa kigeni, ambaye alikuja kwa ziara ya miezi mitatu akakaa miaka sitini na nane, walikaa chini wakaandika Katiba. Wakasema Ikulu ni nyumba ya wananchi, Rais ni mgeni humo, na ugeni wake ni vipindi viwili vya miaka mitano mitano. Halafu, kwa kuwa walijua karatasi haina mikono ya kumtoa mtu kitini, wakaongeza Ibara ya Kuaga. Siku ya mwisho ya kipindi cha pili, Rais atatoka Ikulu na mizigo yake. Atakwenda nyumbani kwa mwananchi mmoja aliyepatikana kwa kura, atakula, atashukuru, atasimama na kusema kwaheri. Kutoka hapo atakwenda kwake, na Ikulu harudi hata kama amesahau miwani.

Na ibara ile ilifanya kazi, msione hivi. Rais wa kwanza aliaga kwa fundi baiskeli. Fundi akamwambia, "Mbona mapema, mzee wetu? Kaa kidogo." Rais akajibu, "Siku nyingine," akaenda zake kufuga nyuki. Wa pili aliaga kwa mkunga, akaambiwa yale yale, akajibu yale yale, akaenda kwao akalala siku nne mfululizo. Kila mtu nchini alijua mambo yanavyokwenda. Mgeni akiinuka, mwenyeji anamwambia akae, asipomwambia amemtukana. Na mgeni aliyelelewa anashukuru, anaondoka. Kwamba mgeni anaweza kuambiwa akae, kisha akakaa kweli, hilo waasisi hawakuliandikia kitu, maana lilikuwa halijawahi kutokea tangu watu waanze kupika.

Zamu ya rais wa tatu, kura ikamwangukia Bi Rukia.

Rais huyo aliitwa Mheshimiwa Daktari Dominiko Kitunduma, na lazima niseme ukweli, miaka yake kumi haikuwa mibaya. Alichimba visima, alijenga barabara zenye lami pande zote mbili, na alipokosea kulikuwa na watu wa kumwambia amekosea, naye alinuna siku mbili kisha akarekebisha. Bi Rukia mwenyewe alimpigia kura mara zote mbili. Ndiyo maana siku ile alimpikia pilau la kuku wawili na akaazima vikombe vya maua kwa jirani yake, Nyamizi.

Rais akala, akashukuru, akasimama. "Kwaheri, mama."

Bi Rukia alikuwa na sahani mikono yote miwili. Hakuwaza. Maneno yalitoka yenyewe, kama yanavyomtoka kila mwanamke aliyefunzwa na mama yake. "Jamani Mheshimiwa, mbona mapema hivyo? Kaa kidogo."

Rais akamtazama. Akalitazama kochi. "Haya," akasema, "kwa kuwa mmesema." Akakaa.

Wewe uliyewahi kumkaribisha mtu chakula sufuria imebaki ukoko, halafu ukamwona ananawa, unajua alivyojisikia Bi Rukia. Nyamizi, aliyekuwa mlangoni anachungulia, alishika mdomo. Alikuwapo pia Katibu wa Kumbukumbu, mtu mwembamba mwenye daftari kubwa, ambaye Serikali ilimlipa kila mwezi kwa kazi inayotokea mara moja kila baada ya miaka kumi. Akauliza kwa heshima zote, "Mama, umesema akae kidogo?"

"Nimesema, baba, lakini ile ni—"

Katibu akaandika mpaka "nimesema", akaweka nukta, akafunga daftari.

Jioni ile redio ikatangaza kwamba wananchi, kwa kauli moja na wengine kwa machozi, wamemzuia Rais kuondoka. Wiki iliyofuata maprofesa saba walifungiwa hotelini ili watafsiri neno "kidogo" kisayansi. Walikula siku arobaini na moja, wakatoka na ripoti ya kurasa mia sita. Kidogo, walisema, ni miaka mitano, isipokuwa pale ambapo kidogo hakitoshi.

Ikaundwa Wizara ya Ukarimu. Ikatungwa Sheria ya Adabu kwa Mgeni. Kupiga miayo mbele ya picha ya Rais, miezi mitatu. Kutazama saa akihutubia, miezi sita. Kumwonyesha mgeni mlango, yaani kutamka kwa mdomo, kwa maandishi au kwa ishara kwamba anaweza kuondoka, miaka saba. Kulikuwa na msemo mmoja wa wahenga kuhusu wageni. Huo ukafutwa vitabuni, na ole wake atakayeutaja, ndiyo maana hata mimi siutaji.

Bi Rukia naye akajengewa sanamu ya shaba katikati ya mji, birika mkono wa kulia, mkono wa kushoto umelielekeza kochi. Watoto wakaulizwa kwenye mtihani wa darasa la saba: nani aliliokoa taifa, na kwa maneno gani? Mitaani hapakukalika. Akienda sokoni wanawake wanakonyezana. "Mkimkaribisha huyu nyumbani msimpe nafasi ya kusema," wanasema, "atawaachia mgeni mpaka mjukuu aolewe." Walicheka, lakini kicheko kile kilikuwa na miiba, na Bi Rukia alirudi nyumbani bila nyanya mara nyingi tu.

Akapiga moyo konde, akaenda mwenyewe kwa Katibu wa Kumbukumbu kufuta kauli yake. Katibu alimpokea vizuri, akampa kiti. "Inawezekana kabisa, mama," akasema. "Ipo fomu. Unaeleza hapa kwamba hukumaanisha, unasaini hapa, na hapa chini anasaini mgeni mwenyewe, kwamba ameridhia asikaribishwe."

"Na asiporidhia?"

"Basi tunajua kumbe ulimaanisha."

Bi Rukia aliikunja ile fomu, akaitia kwenye mkoba wake, akaaga. Katibu akamwambia mbona mapema. Bi Rukia akamtazama vibaya sana.

Sasa mgeni aliyekaa huwa hakai peke yake. Mwaka wa kwanza wa kile kidogo, shemeji za Rais walikuja na watoto, na Ikulu ikaonekana ndogo, basi ua wake ukasogezwa ukameza kiwanja cha mpira. Mwaka wa pili Rais alikohoa mara mbili, akataka kuwa karibu na madaktari, ua ukameza hospitali, na wagonjwa wakatolewa kwa sababu za kiusalama. Mwaka wa tatu ua ukameza soko, maana Mheshimiwa anapenda bamia mbichi. Na wale watu waliokuwa wakimwambia amekosea hawakuwapo tena. Wengine walistaafu, wengine walistaafishwa, mmoja alipelekwa kuwa balozi katika kisiwa ambacho maji yakijaa hakionekani. Waliobaki waliitikia. Alhamisi moja Rais aliamka akasema leo Jumanne, na nchi nzima ikafanya Jumanne mara mbili wiki hiyo, na Ijumaa misikiti ikabaki kuulizana.

Mwaka wa nne seng'enge ya ua ilipita uani kwa Bi Rukia, kati ya jiko na choo. Jiko likabaki uraiani, choo kikawa Ikulu. Askari akawekwa pale na daftari, na ukitaka kwenda unaomba Kibali cha Kuingia Ikulu kwa Shughuli Binafsi. Haja ndogo ilipewa dakika nne. Haja kubwa iliombewa siku moja kabla, kwa barua, ikiambatanishwa na picha mbili za pasipoti.

"Wewe mtoto," Bi Rukia alimwambia yule askari siku moja, tumbo likimsokota, "mgeni akija anauliza choo kiko wapi. Umewahi kuona wapi mwenye nyumba anamwomba mgeni ruhusa ya kwenda?"

Askari akatazama chini, akamgongea muhuri. Alikuwa amelelewa vizuri, ila alikuwa kazini.

Yote hayo Bi Rukia aliyavumilia. Lililomshinda ni la Idrisa.

Idrisa alikuwa mtoto wa kaka yake, marehemu. Bi Rukia alimchukua akiwa na miaka tisa, akamsomesha kwa sare za watoto wa wenzake, akawa mwalimu wa uraia katika shule ya msingi ya hapo hapo mtaani. Kijana mpole, mrefu, anavaa shati la mikono mirefu hata jua likiwaka. Jumatatu moja ya mwaka wa tano mwanafunzi wake alinyoosha kidole, akauliza: Mwalimu, kama rais ni mzuri, kwa nini Katiba ilisema vipindi viwili tu?

Mwalimu mwenye akili angejifanya anaumwa tumbo hapo. Idrisa akajibu. Akasema, vipindi viwili havikuwekwa kwa sababu ya rais mbaya. Mbaya hata jirani zake wanajua kumfukuza. Viliwekwa kwa sababu ya rais mzuri, kwa maana ndiye tunayemwonea haya. Tukimwachia adabu zetu zimpime, hataondoka, na siku atakapoharibika tutakuwa tumeshasahau namna ya kumwambia. Kwa hiyo waasisi waliifanya sheria iseme saa zimefika, sisi tubaki na heshima zetu.

Kufikia saa sita mchana alikuwa amekamatwa kwa kosa la kumwonyesha mgeni mlango. Ubao nao ulikamatwa, kwa kuwa ulikuwa bado umeandikwa "viwili".

Bi Rukia alimlilia wiki nzima. Hakuficha. Alilia akishona, na sare za mwaka ule zilitoka mikono mifupi upande mmoja, wazazi wakazipokea bila kusema neno.

Ilipobaki siku moja kile kidogo kiishe, Waziri wa Ukarimu alikuja mwenyewe. Bwana Protas Lwambo, miaka arobaini na kitu, suti ya kung'aa, doti mbili za khanga mkononi na mfuko wa sukari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema Bi Rukia, na hakumkaribisha kiti. Nyamizi, aliyekuwa akimsaidia kuweka vifungo, aliona ukosefu huo wa adabu akashtuka, kisha akaufurahia.

Waziri akakaa mwenyewe. "Mama, kesho saa nne Mheshimiwa anakuja kuaga kwa mujibu wa Katiba. Sisi ni nchi ya Katiba. Kura imepigwa tena na, kwa bahati njema, imekuangukia wewe tena." Akatoa kadi yenye maandishi makubwa. "Atasimama, atasema kwaheri, nawe utasema haya. Ni maneno mawili. Umeshayasema bure, safari hii utayasema na faida. Ukiyasema, jioni Idrisa anakula hapa kwako."

Sindano ilisimama. "Nisipoyasema?"

"Atatimiza miaka yake saba. Gereza lile lina unyevu, mama, na wewe unajua kifua chake."

"Nikinyamaza?"

"Kunyamaza kumeshatafsiriwa. Ni furaha iliyozidi maneno."

"Nikimwambia aende?"

Waziri akacheka kwa upole. "Hapo utakwenda kumwangalia Idrisa kifua mwenyewe, kwa ukaribu. Lakini usiogope. Sheria inakulinda. Kifungu cha tisa: mtu yeyote, awe raia au askari, atakayemzuia mwenyeji kumkirimu mgeni wake, kifungo cha miaka kumi na minne. Kesho hakuna wa kukugusa. Wewe mkirimu tu." Akainuka, akaacha khanga na sukari juu ya cherehani. Alipofika mlangoni akageuka, akingoja aambiwe mbona mapema. Akangoja sana.

Alasiri ile Bi Rukia aliruhusiwa kumwona Idrisa. Walikaa kwenye benchi, mlinzi katikati yao. Idrisa alikuwa amekonda, na kikohozi kilikuwa kimeshaanza.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba yangu. Umekula?"

"Nimekula. Shangazi, wamekuja kwako?"

Akamweleza. Idrisa akasikiliza mpaka mwisho, akaviangalia vidole vyake. "Usiseme kwa ajili yangu," akasema.

"Ni rahisi kwako kusema hivyo. Mimi ndiye nitakayekuosha wakinirudishia maiti."

"Najua." Alisema taratibu, na hilo lilimuumiza Bi Rukia kuliko kama angepiga kelele. "Naogopa, shangazi, sikudanganyi. Lakini ukisema, nitatoka humu niende darasani nikawafundishe nini? Kwamba neno la shangazi yangu lilimweka yule kitini mara ya pili, na safari hii alijua?"

Bi Rukia alimfuta jasho kwa ncha ya khanga, mlinzi akatazama pembeni.

Kesho yake, saa nne juu ya alama, magari yalifika. Hayakuwa kumi na saba tena, yalikuwa sitini, na moja lilibeba kochi la Rais kutoka Ikulu, maana lile la Bi Rukia lilionekana gumu mara ya kwanza. Kamera zikatundikwa darini. Mtaa mzima uliamriwa kusimama nje na kuwa na huzuni ya kuagana, na walikuwa nayo, kwa sababu zao wenyewe.

Rais Kitunduma alikuwa amezeeka. Alinenepa, magoti hayamtaki, na alipoingia alitazama kuta za nyumba ile bila kukumbuka kwamba alishawahi kula humo. Akahutubia saa moja na robo. "Mimi sina tamaa," alisema. "Mimi, kama si nyinyi, ningekuwa nimeshaondoka zamani. Nimejitoa mhanga kwa kukaa. Wako wanaodhani kukaa ni raha. Hawajui kochi lile linavyochosha kiuno. Lakini nitafanya nini na mwenyeji wangu hataki niende?" Waziri Lwambo akapiga makofi, magari sitini yakapiga honi.

Kisha akainuka, kwa shida, kama Katiba inavyotaka. Akabaki amejikunja kidogo, tayari kurudi chini. "Kwaheri, mama."

Katibu wa Kumbukumbu akafungua daftari. Waziri akainua kadi nyuma ya kamera.

Bi Rukia alikuwa hajalala. Alijua kwamba maneno mawili tu yangemletea mtoto wake kabla ya magharibi, na yalikuwa mdomoni tayari, yalikuwa yanamwasha ulimi. Akakisikia kikohozi cha Idrisa kichwani. Akamwona mzee yule amejikunja juu ya kochi lake la kubebwa, anangoja, hana hata wasiwasi. Hasira ikampanda kutoka miguuni.

Akatua sahani. Akajifunga khanga kiunoni, akaenda mpaka alipo Rais, akamshika mkono.

"Haya, baba," akasema. "Twende nikusindikize."

Rais alicheka, akidhani ni utangulizi. Akajaribu kukaa, na mkono ukamvuta. Mshonaji wa cherehani ya miguu ana mapaja, lakini usidharau na viganja vyake. Hatua ya kwanza, ya pili, wakawa mlangoni.

"Mama," alisema Waziri, akiipunga kadi, "mama, maneno!"

"Nimwache mgeni atoke peke yake kama mbwa?" Bi Rukia alimuuliza. "Ndivyo mlivyolelewa huko wizarani?"

Kapteni wa ulinzi alisogea. Alikuwa na bunduki, na alikuwa na bibi aliyemlea. Alikikumbuka kifungu cha tisa, miaka kumi na minne, akamtazama Waziri amwambie afanye nini, na Waziri, aliyekitunga kifungu hicho kwa mkono wake, akamtazama kapteni. Hapo katikati palikuwa na mkoba wa Rais sakafuni. Mkoba wa mgeni anayesindikizwa haubebwi na mgeni. Kapteni akauinua, akawafuata nyuma.

Nje, mtaa uliokuwa umeamriwa kuhuzunika ulielewa kabla ya kuelezwa. Nyamizi alikimbia ndani, akatoka na jogoo amemfunga miguu. "Hataondoka mikono mitupu mgeni wa jirani yangu," alisema. Mwingine akaleta mahindi, mwingine mkungu wa ndizi, mwingine dumu la mafuta ya alizeti. Askari wa kule chooni aliacha daftari lake kwenye seng'enge, akaja kubeba mahindi. Walipofika njia panda ya Ikulu walikuwa mia tatu, na Rais akafurahi kuona geti.

"Hapa panatosha," alisema. "Ahsanteni, rudini sasa."

"Tukuache njiani?" alisema Bi Rukia. "Watu watatuonaje?" Wakalipita geti bila kuingia. Mlinzi wa geti akapiga saluti, kisha akaona jogoo, akaelewa, akaishusha.

Jua likapanda. Rais alitembea kwa miguu yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na alishangaa mambo kadhaa. Alishangaa barabara yake ina mashimo. Alishangaa soko halipo. "Soko limekwenda wapi?" aliuliza, na watu mia tatu wakamjibu kwa pamoja, bila woga, kwamba liko kwake.

Darajani akasimama. "Mnanipeleka wapi?"

"Kwako," alisema Bi Rukia.

"Kwangu wapi?"

Bi Rukia alimgeukia kuona kama ni mzaha. Haukuwa. Mzee alitazama barabara ya kushoto, akatazama ya kulia, midomo wazi, hajui. Miaka kumi na mitano watu walikuwa wamemwambia kila mahali ni kwake, akasahau palipokuwa kwake kweli. Na hapo ndipo Bi Rukia, aliyekuwa amemchukia kwa miaka mitano bila kupumzika, alipomwonea huruma, na huruma ile haikumlegeza mkono hata kidogo.

"Katibu," aliita, "huyu kwao ni wapi?"

Katibu wa Kumbukumbu, ambaye alikuwa anawafuata na daftari lake kwa kuwa hakuambiwa aache, alipekua nyuma kabisa, ukurasa wa kwanza. "Mkonga Juu," alisoma. "Siku mbili kwa miguu, njia ya kulia."

Wakashika kulia.

Na njia ya kulia, ukitoka mjini, inapita mbele ya gereza. Bi Rukia akasimama pale. Mkuu wa gereza alitoka mbio akifunga vifungo vya koti, akamwona Rais wake amekaa juu ya jiwe anavua kiatu, mkono mmoja bado umeshikwa na mama wa sare, nyuma yao watu elfu moja sasa, na jogoo.

"Namtaka mtoto wangu," alisema Bi Rukia. "Idrisa Shemweta, mwalimu."

Mkuu wa gereza akakakamaa mbele ya Rais. "Mheshimiwa, naomba amri."

Rais akafungua mdomo.

"Usimuulize huyu," alisema Bi Rukia. Hakupaza sauti. "Huyu hana amri. Vipindi vyake viliisha miaka mitano iliyopita, kwangu, mezani kwangu, na hiki alichokaa baada ya hapo hakuna aliyempa. Mimi sikumpa. Ni mgeni, yuko njiani anakwenda kwao. Nakuuliza wewe, uliyeshika funguo."

Watu elfu moja walinyamaza, na ukimya ule hakuna profesa ambaye angeutafsiri kuwa furaha. Mkuu wa gereza alimtazama kapteni, akamwona na mkoba kichwani. Alimtazama Katibu, na Katibu alikuwa anaandika, na safari hii alikuwa hakati maneno ya mtu katikati. Akageuka, akaingia ndani, na wakasikia milango mitatu ikifunguliwa mmoja baada ya mwingine.

Idrisa alitoka akikinga macho. Alimwona shangazi yake, akawaona watu, akamwona Rais juu ya jiwe, na uso wake ukasawijika. Akamjia Bi Rukia karibu kabisa, ili asisikike.

"Shangazi, ulisema?"

"Sikusema."

Idrisa alivuta pumzi, akakohoa, akasimama wima. Kisha akainama akamvisha mzee kiatu chake, akamshika mkono wa pili, wakamwinua.